Watu wa Usiku, Ofisi za Mchana: Namna ya Kuisoma Miji Mikubwa ya Marekani

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wataalamu wenzangu, nanyi wanafunzi wa mipango miji mliojaza ukumbi huu,

Naomba nianze na swali ambalo nimewauliza watu wengi, na karibu wote wamelijibu bila kusita. Kati ya New York na Los Angeles, ni wapi watu wanaishi kwa kubanana zaidi? Jibu linalomjia mtu upesi ni New York, kwa kuwa kila mmoja wetu ameona picha za Manhattan na maghorofa yake, ilhali Los Angeles tunaijua kwa nyumba za chini, barabara pana na safari ndefu za gari. Lakini sensa ya Marekani ya mwaka 2020, ilipohesabu eneo lote lililojengwa kwa mfululizo bila kujali mipaka ya manispaa, ilitoa jibu lililo kinyume. Eneo la mjini la Los Angeles lilikuwa na watu wapatao milioni 12.2 katika kilomita za mraba 4,239, yaani karibu watu 2,890 kwa kila kilomita ya mraba. Eneo la New York, ambalo linavuka mto na kuingia New Jersey, lilikuwa na watu wapatao milioni 19.4 katika kilomita za mraba 8,413, yaani karibu watu 2,310. Nilipoziona takwimu hizi kwa mara ya kwanza nilidhani nimekosea kugawanya, nikarudia hesabu.

Sasa tuyaache maeneo hayo mapana, tubaki ndani ya mipaka ya manispaa zenyewe. Jiji la New York lilikuwa na watu milioni 8.8 katika kilomita za mraba zipatazo 778, ambao ni watu zaidi ya 11,300 kwa kila kilomita. Jiji la Los Angeles lilikuwa na watu milioni 3.9 katika kilomita za mraba 1,214, ambao ni watu wapatao 3,200. Tukipunguza zaidi na kuitazama Manhattan peke yake, tunakuta watu karibu milioni 1.7 katika kilomita za mraba 59, na hesabu inapanda hadi zaidi ya 28,000. Sensa ni ileile na mwaka ni uleule, lakini mshindi amebadilika kwa sababu tu tumeusogeza mstari wa mpaka. Ndiyo maana leo ninawaomba msikubali kamwe kupewa takwimu moja ya msongamano wa jiji bila kuuliza imepimwa wapi, imewahesabu watu gani, na saa ngapi.

Kwa nini Los Angeles iliishinda New York katika hesabu ile ya kwanza? Sababu iko pembezoni, mahali ambapo wapiga picha hawaendi. Vitongoji vya New York, hasa vile vya New Jersey na Long Island, vina sehemu nyingi ambamo sheria za mitaa zinalazimisha kila nyumba iwe na kiwanja kikubwa, kikiwa na bustani mbele na miti nyuma, na kwa hiyo eneo lililojengwa linatambaa mbali huku likibeba watu wachache. Los Angeles imezungukwa na bahari, milima na nchi kame ambako maji huletwa kutoka mbali kwa gharama kubwa. Viwanja vyake vya pembezoni vilikatwa vidogo, na nyumba zikasogeleana. Isitoshe, mitaa yake mingi ina majengo ya fleti ya ghorofa mbili au tatu yanayokaliwa na familia za wafanyakazi na wahamiaji, chumba hadi chumba. Hakuna mnara unaoonekana kutoka mbali, lakini watu wapo, na wamesambaa karibu sawasawa katika bonde zima.

Watakwimu wa Marekani wenyewe waliliona tatizo hili, wakatumia kipimo kingine ambacho mimi nakipenda kwa sababu kinaanza na binadamu badala ya kuanza na ardhi. Badala ya kugawanya idadi ya watu wote kwa eneo lote, kipimo hiki kinakadiria msongamano wa mtaa anamoishi kila mkazi, kisha kinachukua wastani wa wakazi wote. Kwa sensa ya mwaka 2010, mkazi wa kawaida wa eneo kuu la New York aliishi katika mtaa wenye watu wapatao 12,000 kwa kilomita ya mraba. Wa Los Angeles aliishi katika mtaa wa watu karibu 4,700. Na wa Chicago karibu 3,300. Hapo ndipo macho yetu na hesabu zetu vinaposikilizana, kwa maana New York ni jiji la watu wengi walioshindiliwa katikati na wachache waliotawanyika pembeni.

Hata hivyo, wote hao niliowataja ni watu wa usiku. Sensa humhesabu mtu pale anapolala. Ofisi hailazi mtu, na mtaa wa ofisi unaweza kuonekana mtupu katika takwimu za sensa huku saa nne asubuhi mtu hapati nafasi ya kupita kwenye kibaraza cha miguu. Kwa siku ya kazi, kabla ya janga la mwaka 2020, Manhattan ilikuwa inabeba karibu watu milioni 4, zaidi ya mara mbili ya wale wanaolala humo. Kisiwa hicho kina ofisi zenye sakafu za zaidi ya meta za mraba milioni 37, kiasi ambacho hakuna jiji jingine la Marekani linalokikaribia. Chicago, kwa upande wake, ina mtaa wa katikati uitwao Loop, ambao kwa miaka mingi ulikuwa karibu wa ofisi na maduka tu. Wakazi wake walikuwa wapatao 29,000 mwaka 2010, wakafika zaidi ya 42,000 mwaka 2020.

Chicago nitaipita haraka, ingawa ndiyo mama wa jengo refu la ofisi. Moto mkubwa wa mwaka 1871 uliunguza katikati ya jiji, na mwaka 1885 likakamilika pale jengo la Home Insurance, la ghorofa 10, ambalo mbunifu wake William Le Baron Jenney aliutegemeza uzito wake mwingi kwenye mifupa ya chuma badala ya kuta nene. Lifti yenye kifaa cha usalama ilikuwa tayari imebuniwa na Elisha Otis miaka ya 1850. Mambo hayo mawili yakikutana na reli zinazomwaga wafanyakazi mahali pamoja, ardhi ya katikati inapanda bei, na njia ya kupata nafasi zaidi inakuwa ni kwenda juu. Huo ndio utaratibu wa msingi, na miji mingine yote niliyoichagua leo ni habari ya namna sheria ilivyouzuia, ilivyouelekeza, au ilivyouacha ufanye utakavyo.

New York iliuelekeza. Mwaka 1915 lilikamilika kusini mwa Manhattan jengo la Equitable, la karibu ghorofa 40, ambalo lilisimama wima kutoka ukingo wa barabara hadi juu bila kurudi nyuma hata hatua moja. Ukizijumlisha sakafu zake zote, unapata eneo la karibu mara 30 ya kiwanja chake. Majirani walitumbukizwa kivulini, na mwaka uliofuata, 1916, jiji likapitisha sheria ya matumizi ya ardhi iliyoyataka majengo yarudi nyuma kidogo kidogo kadiri yanavyopanda, ili jua lifike barabarani, huku ikiruhusu mnara usio na kikomo cha urefu katika robo moja tu ya kiwanja. Majengo yale ya New York yenye umbo la ngazi, likiwemo Empire State la mwaka 1931, ni sheria hiyo iliyogeuzwa kuwa mawe na chuma. Mwaka 1961 jiji likabadilisha mtindo: likaweka kikomo cha uwiano kati ya sakafu zote na kiwanja, mara 15 kwa maeneo yaliyo mazito kuliko yote, na nyongeza hadi 18 kwa mwenye jengo atakayeacha uwanja wazi kwa ajili ya umma.

Miaka mia moja baada ya kelele za Equitable, jiji lenyewe lilikubali uwiano wa 30 kwa jengo la One Vanderbilt, lililofunguliwa mwaka 2020 kando ya kituo cha reli cha Grand Central. Lilikubali kwa masharti, kwani mwenye jengo alilazimika kutumia zaidi ya dola milioni 200 kuboresha njia, ngazi na kumbi za kituo kile. Ukubwa ambao mwaka 1915 ulihesabiwa kuwa ni dhuluma kwa jirani ulihalalishwa safari hii kwa sababu umekaa juu ya reli, na maelfu ya wafanyakazi wake wanaweza kufika na kuondoka bila kuleta gari hata moja. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ninausema hivyo nikijua kwamba wapo humu ukumbini watakaonipinga.

Washington waliuzuia, na naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ni kisa kinachosimuliwa vibaya mara nyingi. Mtaambiwa kwamba majengo ya Washington ni mafupi ili yasilipite jengo la Bunge. Si hivyo. Mwaka 1894 lilijengwa Cairo, jengo la fleti lenye urefu wa karibu meta 50 katikati ya mtaa wa nyumba za kawaida, na wakazi wakaogopa moto ambao ngazi za zimamoto zisingeufikia, pamoja na kukoseshwa mwanga. Bunge likaweka kikomo mwaka 1899, kisha likakiandika upya mwaka 1910 kwa kuufunga urefu wa jengo kwenye upana wa barabara iliyo mbele yake: upana huo ukiongezwa karibu meta 6, na kwa barabara nyingi za biashara usizidi meta 40 hivi. Sheria hiyo bado inafanya kazi.

Matokeo yake yanafundisha kuliko kitabu chochote. Serikali kuu, mawakili, vyama vya biashara na washawishi wa siasa wote walitaka kuwa karibu na Ikulu na Bunge, na mahitaji hayo hayakupungua kwa sababu tu juu pamefungwa. Yalijaza viwanja pembe hadi pembe. Wajenzi walibana dari ili wapate ghorofa 12 ndani ya urefu uliokusudiwa kwa ghorofa chache zaidi, na mtaa baada ya mtaa ukawa sanduku la ofisi, likiondoa nyumba zilizokuwepo na kuacha barabara zikiwa kimya baada ya saa za kazi. Mahitaji yaliyobaki yakavuka mto Potomac hadi Rosslyn, upande wa Virginia, ambako kikomo hicho hakifiki na minara inasimama ikiitazama Washington kutoka ng'ambo. Mengine yakaenda mbali zaidi hadi Tysons, iliyokuwa njia panda ya mashamba, nayo ikageuka kuwa mji wa ofisi na maduka uliokaa miongo kadhaa bila reli yoyote, hadi vituo vinne vilipofunguliwa mwaka 2014. Kikomo kile kimelinda anga nzuri ya Washington, na anayetembea kwenye barabara zake pana anafaidi mwanga. Lakini ofisi zilizokatazwa kwenda juu zilikwenda pembeni, na pembeni zilikwenda na magari.

Los Angeles nayo ilikuwa na kikomo chake. Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi mwaka 1956, majengo yake hayakuruhusiwa kuzidi takriban meta 46, isipokuwa Ukumbi wa Jiji wa mwaka 1928. Kwa hiyo katika nusu karne ile ambayo New York na Chicago zilikuwa zinajenga katikati zao, Los Angeles haikujenga katikati yenye nguvu ya namna hiyo, na kikomo kilipoondolewa gari lilikuwa limekwisha kuamua. Ofisi zikajipanga kando ya barabara ya Wilshire kuelekea baharini. Zikaota Century City, kwenye ardhi iliyokuwa ya studio ya filamu. Zikaenda Warner Center na kando ya uwanja wa ndege. Mwaka 1986 wapiga kura walipitisha pendekezo lililopunguza kwa nusu ukubwa wa jengo ulioruhusiwa katika viwanja vingi vya biashara. Jiji hili, kwa hiyo, lina msongamano wa watu ulioenea kila mahali na ofisi zilizoenea kila mahali, lakini viwili hivyo havikupangwa vikutane. Mfanyakazi anaweza kuishi katika mtaa uliojaa watu na bado akaendesha gari saa nzima kwenda ofisi iliyo katika mtaa mwingine uliojaa watu.

Nije Houston, ambayo watu huitaja kila wanapotaka kusema jinsi mji usio na sheria unavyokuwa. Ni kweli kwamba Houston haina mpango wa kugawa jiji katika kanda za makazi, biashara na viwanda. Wapiga kura waliukataa mwaka 1948, mwaka 1962 na tena mwaka 1993. Mtu angetazamia kwamba mahali pasipo kanda soko lingejenga kwa kubanana. Jiji hilo lilikuwa na watu milioni 2.3 mwaka 2020, lakini katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,650, yaani watu karibu 1,400 tu kwa kila kilomita. Sheria haikukosekana, ila ilivaa mavazi mengine. Jiji lilidai kila jengo liwe na nafasi za kuegesha magari, isipokuwa katikati kabisa. Liliweka ukubwa wa chini wa kiwanja cha nyumba. Na linasaidia kutekeleza maagano yaliyoandikwa katika hati za viwanja, yanayokataza mambo mengi ambayo kwingineko hukatazwa na kanda.

Ofisi za Houston zilifuata mafuta na barabara kuu. Mwaka 1982 ulikamilika katikati ya jiji mnara wa ghorofa 75, wenye meta 305, na mwaka uliofuata ukasimama mwingine wa ghorofa 64 huko Uptown, kilomita kadhaa kutoka katikati, karibu na duka kubwa la Galleria, mahali ambapo kwa desturi ya Chicago hakuna mtu angeweka jengo la meta 275. Kisha bei ya mafuta ikaanguka katikati ya miaka ya 1980, na minara mingi ikakosa wapangaji. Chini ya barabara za katikati kuna njia za chini ya ardhi zenye urefu wa zaidi ya kilomita 9, zenye migahawa na maduka, ambamo wafanyakazi hukimbilia joto. Wakati wa chakula cha mchana uhai uko chini na barabara za juu zimenyamaza. Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, halihusu minara. Mwaka 1998 jiji lilipunguza ukubwa wa chini wa kiwanja ndani ya barabara ya mzunguko ya ndani, kutoka karibu meta za mraba 465 hadi karibu 130, na maelfu ya nyumba nyembamba za ghorofa mbili na tatu zikasimama pale palipokuwa na nyumba moja moja. Badiliko hilo dogo la kanuni liliongeza watu karibu na kazi kuliko mnara wowote wa ofisi.

San Francisco ni jiji dogo kwa eneo, lenye kilomita za mraba 121 na watu karibu 874,000 mwaka 2020, kwa hiyo ni la pili nyuma ya New York kwa msongamano miongoni mwa miji mikubwa ya nchi hiyo. Mwaka 1986 wapiga kura wake waliweka kiwango cha juu cha ofisi kubwa mpya zinazoweza kuidhinishwa kila mwaka, takriban meta za mraba 88,000. Walihofia kugeuzwa Manhattan. Kampuni za teknolojia zilipokuja, nafasi ikawa adimu na kodi ya pango ikapaa, na mnara wa Salesforce wa meta 326 ukafunguliwa mwaka 2018. Kisha likaja janga, na wafanyakazi haohao wa kompyuta wakagundua kwamba wanaweza kufanya kazi nyumbani. Ilipofika mwaka 2023 zaidi ya asilimia 30 ya ofisi za jiji zilikuwa hazina wapangaji. Mtaa wa katikati uliotegemea aina moja ya mpangaji na saa moja ya siku haukuwa na watu wengine wa kuushika: mwenye mgahawa, fundi viatu na muuza magazeti walipoteza wateja pamoja na mwenye mnara.

Kwa hiyo mjadala wa sasa katika miji yote hiyo ni mmoja: je, watu wa usiku wanaweza kuhamia katika ofisi za mchana? Hapa historia ile ya sheria na mwanga inarudi kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Ofisi zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa nyembamba, kwa sababu karani alihitaji dirisha la kumpa mwanga na hewa. Hakuna meza iliyowekwa mbali sana na ukuta wa nje. Majengo hayo yanageuzwa kuwa fleti kwa urahisi, na ndivyo ilivyofanyika kusini mwa Manhattan kuanzia miaka ya 1990 kwa msaada wa punguzo la kodi, na katikati ya Los Angeles baada ya kanuni ya mwaka 1999 kulegeza masharti kwa majengo ya zamani. Chicago nayo inajaribu kufanya hivyo katika barabara ya LaSalle, iliyokuwa ya mabenki.

Majengo ya baada ya vita ni jambo jingine. Viyoyozi na taa za mirija viliwaruhusu wajenzi kutandaza sakafu pana kama uwanja wa mpira, na katikati ya sakafu ya namna hiyo huwezi kuweka chumba cha kulala cha mtoto, kwa kuwa hakitaona jua. Katika mtaa wa Water, nambari 25, kusini kabisa mwa Manhattan, kulikuwa na jengo la ofisi la mwishoni mwa miaka ya 1960, pana na zito, lenye madirisha membamba kama mianya. Wahandisi walilitoboa mashimo mawili wima kutoka juu hadi chini ili mwanga uingie ndani, wakafungua madirisha makubwa ukutani, na kwa kuwa kanuni za uwiano zinahesabu sakafu iliyoondolewa, nafasi waliyoitoa katikati waliirudisha juu kwa kuongeza ghorofa kumi. Sasa lina fleti zaidi ya 1,300. Sensa ijayo, ya mwaka 2030, itakapofika kwenye kona ile, kwa mara ya kwanza tangu jengo hilo lisimame, karani wa sensa atakuwa na milango ya kugonga.

Asanteni kwa kunisikiliza.